Nta ya Dorkasi

Lori la kijiji cha Kwemtindi lilizimika tena kwenye mlima wa Magamba, palepale lilipozoea kuzimika, na Fanueli akaruka chini na gogo lake kuwahi tairi la nyuma kabla halijaanza kurudi. Hakutukana. Mara za kwanza alikuwa akilipiga teke na kuliita majina ambayo hayafundishwi kwenye darasa la kipaimara. Sasa aliinua boneti tu, akachovya gunia kwenye maji ya mfereji, akaifunika nalo pampu ya petroli, kisha akaketi kwenye bampa kungoja. Likishapumzika litawaka, litakwenda kidogo, litazimika tena, na hivyo hivyo mpaka kileleni. Kutoka kileleni ni mteremko mtupu mpaka Lushoto mjini, na kwenye mteremko lori halikuwa na neno.

Wanawake waliotoka msituni na kuni vichwani walimpita mmoja mmoja.

"Mgosi, umelala njiani tena?" aliuliza wa mbele.

"Limechoka."

"Limechoka lori au umechoka wewe? Mwambie Dorkasi akupikie uji mzito."

Wakacheka, na Fanueli akacheka nao, kwa sababu kununa kungewafurahisha zaidi. Lakini walipokwisha kupotea kwenye kona alishika kichwa kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa na mimba ya mwezi wa mwisho, na gari la kumfikisha hospitali lilikuwa hili hapa, limefunikwa gunia bichi kama mgonjwa wa homa.

Dorkasi alikwisha kuzika watoto wawili. Wote walikuja vibaya, wote walizaliwa nyumbani, na safari hii muuguzi wa zahanati hakumung'unya maneno.

"Wewe si wa kuzalia jikoni," alimwambia. "Uchungu ukianza tu, hospitali Lushoto. Huko watakupasua wamtoe. Ukichelewa tutamzika na huyu."

Kwemtindi wanawake wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Kisimani, shambani, kwenye foleni ya unga, ilikuwa Mama Jenoveva, Mama Tobia, Mama nani. Yeye aliitwa Dorkasi tu, kama msichana. Hakuna aliyekusudia kumuumiza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Fanueli alipoingia jioni ile, mkewe alikuwa anachambua maharage, miguu ameinyoosha kwenye mkeka kwa kuvimba.

"Limezimika?"

"Limezimika."

"Palepale?"

"Karibu na palepale. Leo mapema zaidi." Akaketi juu ya kinu. "Dorkasi, nadhani nikutangulize mjini. Ukae huko mpaka siku yako."

"Nikae kwa nani? Na mwenyekiti akiona nimehamia mjini atasema petroli imetujengea nyumba."

Maneno hayo yalikuwepo kijijini, na yalianza na kitu kidogo kabisa. Mfuniko wa tangi uliibiwa siku moja lori likiwa limeegeshwa sokoni, na katika mwaka ule wa shida hata msumari ulikuwa haupatikani, sembuse mfuniko. Fanueli akachomeka gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa. Gunzi lilikuwa linayumba, na kila kona petroli ilichuruzika ubavuni mwa lori. Pipa la petroli la kijiji likawa linakwisha upesi. Watu wakauliza inakwenda wapi, wakajijibu wenyewe: dereva anaiuza mjini.

Aliyepata dawa alikuwa Dorkasi. Baba yake alikuwa mfuga nyuki, na mitungi yake ya asali aliiziba kwa nta, kiasi kwamba hata mtoto akidokoa alama ilionekana. "Tuzibe tangi kwa nta," Dorkasi alimwambia mumewe, "mwenyekiti aipige chapa kwa pete yake. Isifunguliwe ila mbele ya kamati. Nani atakusema tena?" Kikachongwa kizibo cha mti, kikavikwa mpira wa tairi, kikapigiliwa vizuri, na juu yake Dorkasi mwenyewe akamimina nta ya moto mpaka pasionekane tundu. Mwenyekiti Rajabu akaikandamiza pete yake ya fedha. Walipiga makofi siku ile. Petroli haikumwagika tena hata tone.

Basi mtu angedhani yamekwisha. Lakini lori likaanza kufa milimani.

"Nenda kwa Issa," alisema Dorkasi. "Mwambie alitazame kama anavyotazama mtu."

*

Issa alikuwa fundi wa magari karibu na soko la Lushoto, na hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliwahi kulifungua lori lile lote na kulirudisha bila kubakiza hata boliti moja. Alisafisha kabureta. Alichomoa plagi, akazikwangua, akazirudisha. Alipuliza bomba la petroli kwa mdomo, akabadilisha ngozi ya pampu kwa kipande alichokata mwenyewe. Kisha akapanda, akalizungusha mjini na kulipandisha kidogo kwenye njia ya Irente, akarudi.

"Hili ni zima kabisa," alisema. "Linavuta kama ng'ombe."

"Mlimani linakufa."

"Likiwa la moto?"

"Likiwa la moto, na asubuhi kwenye ukungu pia. Na kitu kingine, Issa. Tangi likiwa nusu linavumilia. Likijazwa linakufa mapema."

"Likijazwa?" Issa alikuna kichwa, akauacha mkono hapohapo. "Likijazwa ndio linakufa mapema? Hiyo kali." Alizunguka lori, akalitazama tangi, akaigusa nta kwa kidole. "Uchafu huo. Ukimimina petroli nyingi unatibua taka za chini, zinakwenda kuziba bomba. Hili tangi nilishushe, nilimwage, nilioshe. Kesho tu utakuwa umesahau."

"Sina ruhusa ya kulifungua. Ni mpaka wajumbe wawepo."

"Sasa mimi nitamtibu vipi mgonjwa asiyevuliwa shati?"

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamesimama kando ya nta ile, mmoja kila upande, na hakuna aliyeiona.

"Kaombe ruhusa," alisema Issa. "Niletee na mjumbe, akae hapa, alinde petroli yake. Mimi nitamkirimu chai."

*

Kamati ya kijiji ilikaa kwenye darasa la shule, wajumbe wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Fanueli alisimama. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Sema."

Akasema. Alieleza habari za taka na bomba, na kwamba fundi anaomba tangi lishushwe, limwagwe na kuoshwa.

"Limwagwe wapi?" aliuliza Mwenyekiti Rajabu.

"Mjini. Kwa Issa. Petroli itawekwa kwenye madebe, halafu itarudishwa."

Mjumbe mmoja akaguna, mwingine akacheka puani. Rajabu hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima wa viazi aliyepewa kijiji kizima akilinde katika mwaka wa njaa, petroli ya mgawo, unga wa manjano wa msaada, na maofisa wa wilaya wanaotaka kujua kwa nini kabichi za Kwemtindi zinaozea njiani. Mtu wa namna hiyo hulala na hofu, na asubuhi huamka akatafuta wa kumgawia.

"Ndugu Fanueli," alisema, "lori hili lilikuwa zima. Petroli ndiyo ilikuwa inapotea. Tukaziba. Tangu tulipoziba, petroli haipotei, lori ndilo linaumwa. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Ningefikiri lori limeharibika, Mwenyekiti."

"Mimi nafikiri kuna mtu alikuwa ananyonya, sasa hana pa kunyonya, anatuonyesha kwamba bila hivyo haendeshi." Alinyoosha kidole chenye pete. "Tangi halimwagwi mjini. Na sikia. Siku nta ile ikikutwa imeguswa na wajumbe hawapo, funguo utaziweka hapa, nyumba ya kijiji utaiacha, na jina lako nitalipeleka wilayani kwamba unahujumu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mwenyekiti, mke wangu yuko karibu. Siku yake ikifika naomba lori."

"Utapewa. Nani kasema hutapewa? Sisi si wanyama."

Na lori alipewa kweli. Hakuna atakayeweza kusema kamati ilimnyima.

*

Uchungu ulianza alfajiri, siku ya soko, lori likiwa limepakiwa kabichi tangu jana yake. Tangi nalo lilikuwa limejazwa jana yake mbele ya wajumbe, na nta mpya ikamiminwa. Aliyeimimina, kama kawaida, alikuwa Dorkasi. Aliona fahari kuifanya vizuri, akilainisha kingo kwa kidole alichokilowesha mate, maana kila nta iliyofika nyumbani nzima ilikuwa ushahidi kwamba mumewe si mwizi.

Walimpandisha mbele, katikati, kati ya Fanueli na Bibi Mwanaidi, mkunga wa kijiji, aliyekuja na kanga zake safi, wembe na chupa ya maji. Mwenyekiti alitoka mwenyewe kuwaaga, koti begani. Alilizunguka lori, akaitazama nta, akatikisa kichwa kuridhika.

"Nendeni salama. Dereva, ukishamfikisha, kabichi zifike sokoni kabla hazijanyauka."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Walivuka bonde vizuri. Walianza kupanda. Dorkasi alikuwa ameushika mkono wa Bibi Mwanaidi, na kila lori liliporuka shimo aliuma kanga asipige kelele. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, miti ya msitu ikionekana mashina tu. Hawakufika hata palipozoeleka. Injini ilikohoa, ikashtuka, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Fanueli alitoka na gogo. Aliinua boneti na kuifunika pampu kwa gunia, na pampu yenyewe ilikuwa baridi. Aliifungua, akaipuliza, akairudisha. Akapiga stata. Ikalia, haikuwaka. Akachomoa plagi, akazifuta kwa shati. Ikalia, haikuwaka. Alipanda nyuma, akaanza kuzitupa kabichi chini, mikono yote miwili, zikawa zinabingirika mpaka mferejini, kabichi za kijiji, jasho la watu wengine. Akapiga tena. Ikalia kwa uvivu, betri ikianza kuchoka, akaiacha ipumzike.

"Fanueli," Bibi Mwanaidi aliita kwa sauti ya chini. "Njoo hapa, mjukuu wangu." Alimvuta kando ya mlango. "Mtoto anatanguliza miguu. Hapa mimi sina ninaloweza. Wamtoe wao, na wamtoe sasa."

"Litawaka, Bibi. Huwa linawaka."

"Basi na liwake."

Fanueli alikwenda kusimama mbele ya tangi. Alijua kila kitu kwenye lori lile isipokuwa kilichokuwa ndani ya tangi. Pengine ni zile taka za Issa. Angelifungua, akapitisha waya, akachokonoa mdomo wa bomba, pengine lingewaka. Alitoa kisu mfukoni, akakiweka kwenye ukingo wa nta, palepale palipolainishwa na kidole cha mkewe.

Dorkasi alimwona kwenye kioo cha pembeni.

"Fanueli! Usiiguse!"

"Nataka nichokonoe bomba tu."

"Usiiguse, nakwambia!" Maumivu yalimkata, akangoja yapite, akasema tena huku anahema. "Ndicho wanachokingoja. Watasema umesingizia uchungu wangu. Nitatoka hospitali na mtoto mgongoni nikute vitu vyetu nje? Akue anaitwa mtoto wa mwizi? Lingoje. Siku zote linawaka."

"Na lisipowaka?"

"Litawaka. Mimi nangoja. Nitabana."

Laiti angepitisha kisu! Lakini kwa muda mrefu watu wawili hawa walikuwa wamelala na kuamka na nta ile kama watu wengine wanavyolala na sala. Fanueli alikifunga kisu, akakirudisha mfukoni.

Omari, kijana aliyekuwa anapeleka punda wa viazi Lushoto, alitokea kwenye ukungu. Fanueli alimshika mabega.

"Kimbia Kwemtindi. Mwambie mwenyekiti aje na mjumbe mmoja wafungue tangi. Mwambie mke wangu anakufa. Punda nitakutazamia."

Omari alikimbia. Alikimbia kweli, viatu mkononi, na baadaye hakuna aliyemlaumu. Fanueli alipiga stata tena na tena mpaka ikabaki kutoa mlio kavu. Kisha akaketi chini kando ya tairi, mgongo ameuegemeza kwenye tangi lililojaa, akawa anasikia sauti ya mkewe juu, na sauti ya Bibi Mwanaidi ikimwambia sukuma, usisukume, sukuma sasa. Alimwomba Mungu kwa Kishambaa, kwa sababu kwa Kiswahili alikuwa anasali kanisani, na huku hakukuwa kanisani.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka miguu, akatoka kiwiliwili, kichwa kikakaa muda mrefu mno. Alipotoka alikuwa amekamilika kila kiungo, kucha, nyusi, nywele nyingi. Bibi Mwanaidi alimnyonya pua kwa mdomo wake, akampuliza, akampiga nyayo, akampuliza tena, mpaka Dorkasi mwenyewe akasema, "Bibi, muache. Amechoka."

*

Mwenyekiti Rajabu alifika na mjumbe mmoja, Omari nyuma yao, wote jasho tupu, suruali zimelowa umande mpaka magotini. Kitu cha kwanza alichokiona ni mfereji.

"Kabichi! Fanueli, kabichi zote hizi umezimwaga?"

Fanueli hakuinuka. Bibi Mwanaidi ndiye aliyeufungua mlango ili mwenyekiti aone. Rajabu aliona. Alivua kofia. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akafanya lile alilokuja kulifanya. Aliinama kwenye tangi.

"Nta ni nzima," alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Haikuguswa."

Akaipasua kwa ncha ya panga. Akakishika kizibo, kikamgomea, kimeng'ang'ania utadhani kuna mtu anakivuta kwa ndani. Mjumbe akamsaidia. Walikizungusha, wakakivuta kwa nguvu zao zote.

Tangi likavuta pumzi. Ndiyo, lilivuta pumzi, ndefu, yenye mluzi, na wote wakaisikia: mwenyekiti, mjumbe, Omari aliyekuwa ameshika kamba ya punda, Bibi Mwanaidi, na Dorkasi pale juu. Bati la tangi likalia, likajirudi mahali pake.

Fanueli aliinuka. Alikitazama kizibo mkononi mwa mwenyekiti, mpira wake, nta yake nzuri isiyo na tundu. Hakuna aliyemweleza. Petroli haiwezi kutoka kama hakuna kinachoingia mahali pake. Gunzi lilikuwa linamwaga petroli, lakini lilikuwa linaingiza hewa.

Alichukua chuma cha kuzungushia injini, akakichomeka mbele, akazungusha. Mara ya kwanza pampu ilivuta. Mara ya pili injini ikawaka, ikanguruma vizuri, bila kukohoa, kama siku lori lilipoletwa kijijini.

Rajabu alipima tangi kwa kijiti. Lilikuwa limejaa karibu hadi mdomoni. Alikiinua kijiti kile ili mjumbe naye akione, kisha akamshika Fanueli begani.

"Mwanangu, hukuiba. Nitasimama mbele ya mkutano, nitasema kwa mdomo wangu. Wewe ni mtu mwaminifu."

"Asante, Mwenyekiti," alisema Fanueli. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Alipanda, akashika usukani. Bado ilibidi Dorkasi apelekwe, alikuwa anavuja damu. Alikuwa amempakata mtoto, amemfunika kanga ya Bibi Mwanaidi mpaka usoni. Lori lilipanda mlima. Lilipita pale lilipozoea kufa, likapita tena pa pili, halikusitasita hata mara moja, na ukungu ulikuwa unafunguka mbele yake. Kileleni Dorkasi alisema neno lake la kwanza.

"Lilikuwa linataka hewa tu?"

"Hewa tu."

"Nami ndiye niliyeziba."

"Tuliziba wote, Dorkasi."

Aliisikiliza injini.

"Hebu lizime. Siwezi kuvumilia kulisikia."

Dereva mwenye akili hashuki Magamba injini ikiwa imezimwa, na Fanueli alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alizungusha ufunguo. Wakashuka taratibu, mguu wake kwenye breki, lori tupu nyuma, bila sauti isipokuwa ya matairi kwenye changarawe, na Bibi Mwanaidi akamwekea Dorkasi mkono mgongoni, akamwita Mama.